Ghala la Nywila la Bwana Ejore

Kama kuna mtu Lodwar anayeweza kufanya kitu chepesi kiwe kizito, ni Bwana Ejore wa ofisi yetu. Mtu huyu akikuonyesha jinsi ya kuwasha kompyuta, utatoka hapo ukiamini umeponea chupuchupu kuangusha ndege. Ana shahada, na hilo anatukumbusha kila wiki. Ana kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni hata Jumapili kanisani. Cheo chake ni Ofisa wa Teknolojia na Usalama wa Data, na katika ofisi yenye watu saba na kompyuta nne, cheo hicho ni kirefu kuliko kazi yenyewe.

Mimi ni Nakuleu, karani. Nimekaa ofisi hiyo miaka kumi na moja. Jina la shirika nitalihifadhi, maana lina aibu ya kutosha. Kazi yetu ni kuwatafutia vijana nafasi vyuoni, wengi wao wakimbizi wa kule Kakuma na Kalobeyei, na wachache wa hapa kwetu. Tunawaombea nafasi kwenye tovuti za vyuo, tunafuatilia majibu, na jibu likija tunabofya kukubali kabla muda haujaisha. Mtu mwenye daftari na akili timamu anaiweza kazi hii.

Na daftari nilikuwa nalo. Lilikuwa kubwa, la jalada jeusi, na kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake: jina, chuo, barua pepe, nywila. Nililifungia kabatini, na ufunguo niliufunga kwenye kanga kiunoni. Miaka tisa halikupotea hata siku moja. Kisha akaja Ejore. Katika mkutano wake wa kwanza na wafanyakazi aliliinua daftari langu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akauliza, "Nyinyi mko karne gani?" Watu wakacheka. Akazichana kurasa zote mbele yangu, moja baada ya nyingine, akavitia vipande kwenye pipa la taka. Umri wangu ni wa mama yake mzazi. Tangu siku ile sijamtakia mtu huyo mema, na nasema wazi.

Alipokwisha kuliua daftari akatuletea dini mpya. Ndani ya Windows, alisema, kuna kifaa cha kutunza nywila ambacho kimekuja na mashine yenyewe, wala hakinunuliwi. Ukifungua tovuti, kinakujazia. Ukitaka kuiona nywila kwa macho yako, kinakuuliza kwanza nywila ya kompyuta, ukiiandika ndipo kinakuonyesha. Yeye alikiita Credential Manager, na jina hilo alilitoa puani. Sisi wengine tulikiita ghala. Sitakisingizia, kifaa chenyewe hakina kosa. Ukikipa kitu, kinashika. Taabu ilikuwa kwa bwana aliyekishika yeye.

Maana alifanya hivi. Alibadilisha nywila za wanafunzi wote kumi na wanne, akaweka za kubuniwa na mashine, herufi ishirini za fujo ambazo hata malaika hawezi kuzikariri. Wanafunzi hawakupewa nywila zao, eti kwa usalama wao. Barua zote za vyuo akazielekeza kwenye anwani moja ya ofisi, na nywila ya anwani hiyo nayo akaitia humohumo ghalani. Ghala lenyewe likakaa kwenye laptopu moja tu, ya mezani kwake, chini ya jina lake. Bibi yangu alichunga mbuzi huko Loima mpaka meno yakamwisha, na hakuwahi kuweka mbuzi wake wote boma moja. Aliwagawa kwa marafiki wa huku na huku, ili wavamizi wakija wasimmalize. Lakini bibi hakuwa na shahada.

Juu ya hayo tukasainishwa karatasi. Ni marufuku mfanyakazi kutumia nywila ya mwenzake, na atakayepatikana atafutwa kazi. Nilitia sahihi yangu kama wengine.

Sasa nije kwenye nywila ya Ejore mwenyewe, na hapa lazima nicheke kwanza. Ejore ni mtu wa Lorugum, na kama wanaume wetu wengi ana maksai wake wa kujivunia, naye huitwa kwa jina la maksai huyo. Wake ni wa rangi ya majivu, kwa hiyo watu wa rika lake humwita Apalopus. Dereva akimsalimu asubuhi, "Ejok, Apalopus!" kifua cha bwana huyu kinapanda mpaka tai inapanda nacho. Picha ya yule maksai, pembe zake zimepindwa kwa ufundi, ndiyo iliyokuwa kwenye kioo cha laptopu, palepale juu ya kisanduku cha kuandikia nywila. Na alipokuwa akiandika, bwana wa usalama alijinong'onezea herufi moja moja kama mtoto wa chekechea, na mwishoni akagonga "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya mtu anayeanzisha mbio. Ofisi nzima tulijua. Mama anayetuletea chai alijua. Tulijifanya hatujui kwa sababu alikuwa mkubwa wetu, na adabu ilitutaka tutazame pembeni.

Katika wale kumi na wanne alikuwamo Liliane, binti Mkongo wa Kakuma. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mradi wetu hauchukui mtu aliyetimiza ishirini na mitano. Yeye angetimiza mwezi wa kumi. Aliingia kambini akiwa na miaka tisa. Amesoma humo, amefundisha watoto wadogo humo, na kwa miaka mitatu amekuwa mkalimani kwenye zahanati, akiwaeleza akina mama wa Kongo na Burundi kile daktari alichosema, na kumweleza daktari kile ambacho akina mama waliona haya kukisema. Alitaka kuwa muuguzi. Mara ya kwanza alipoomba alikosa kwa sababu jina kwenye cheti halikulingana na jina kwenye kadi yake ya ukimbizi. Mara ya pili nafasi zilikuwa zimejaa. Mwaka huu, Jumatano moja ya mwezi wa nane, chuo kimoja huko Eldoret kikamtumia ujumbe wa simu: umekubaliwa, thibitisha kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, la sivyo nafasi itapewa anayefuata kwenye orodha.

Alinipigia simu akilia kwa furaha. Nami nikaenda moja kwa moja kwa Ejore, nikamwambia.

"Nitafanya kesho," alisema, bila kuinua macho.

Alhamisi asubuhi akasema atafanya baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula cha mchana gari likaja kumchukua kwenda Eliye Springs, ufuoni mwa ziwa, kwenye warsha ya siku tatu. Mada ya warsha ilikuwa usalama wa data. Laptopu aliiacha mezani, imefungwa kwa nywila, maksai kwenye kioo akitutumbulia macho.

Ijumaa saa tatu asubuhi Liliane akapiga.

"Ejok, Mama Nakuleu." Kiturkana chake kinaishia hapo, lakini hakosi kukitumia. "Ni mi Liliane. Leo ndiyo siku. Mulishabonyeza?"

"Bado, binti yangu. Ejore amesafiri."

"Basi munipatie ile paswadi, mi mwenyewe nitabonyeza ku simu yangu."

"Sina. Iko ndani ya laptop yake."

"Mama, ile jina ni yangu. Nafasi ni yangu. Namna gani paswadi inakuwa ya Ejore?"

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo, yote matusi. Nilimwambia tu akae karibu na simu.

Msomaji asidhani tulikaa bure. Tovuti ya chuo ina kitufe cha mtu aliyesahau nywila, nikakibofya. Kiungo kikatumwa kwenye anwani ya ofisi, na nywila ya anwani ya ofisi iko ghalani. Ejore alikuwa ameufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala. Nikapiga simu chuoni. Aliyepokea aliniambia kwa upole kwamba mfumo hujifunga wenyewe saa kumi na moja, na hakuna binadamu anayeweza kuusihi.

Christine, msichana wetu wa mapokezi, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akaja karibu.

"Mama, si tuandike tu?"

"Tuandike nini?"

"Si ni Apa..."

"Christine," nikamkatiza, "ulisaini karatasi ama hukusaini?"

Akarudi nyuma. Karatasi ilikuwa upande wangu, lakini sikuwa nikimwogopa mtu wala kufutwa kazi. Nilikuwa na jambo langu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimengoja saa hii. Nilitaka Ejore apigiwe simu akiwa katikati ya wenzake wa tai na vitambulisho, aulizwe nywila, na aitaje kwa mdomo wake mwenyewe. Nilitaka wasikie kwamba Ofisa wa Usalama wa Data amefunga masomo ya watoto kumi na wanne kwa jina la ng'ombe na moja, mbili, tatu. Tena nilitaka nisikie mimi.

Saa nne na nusu nikampigia, simu ikaingia. Niliweka spika, nikaiweka mezani, Christine na dereva wakiwa wamesimama kando yangu. Nyuma ya sauti yake tulisikia watu wakicheka na vikombe vikigongana.

"Bwana Ejore, tunataka kuingia kwa laptop. Ni ile nafasi ya Liliane. Mwisho ni leo."

"Aah, hiyo. Ilinitoka kabisa."

"Basi tupe paswadi."

Akashusha sauti. "Madam, paswadi haisemwi kwa simu. Hiyo ndio kitu ya kwanza tumefundishwa hapa."

"Hata leo?"

"Policy ni policy. Sikiliza. Kwa kabati ya chuma kuna bahasha. Ndani kuna paswadi ya administrator. Ingia na hiyo, uende kwa jina yangu, ureset, uweke mpya. Hiyo hata mtoto anafanya."

Bahasha! Aliyechana daftari langu alikuwa na karatasi yake kabatini, imeandikwa kwa kalamu kama zile kurasa zangu. Dereva alilazimika kutoka nje akachekee huko. Mimi nilifungua bahasha, nikaingia kama msimamizi wa mashine, nikafika kwenye jina la Ejore, nikabofya pale pa kuweka nywila mpya. Kabla haijakubali, kikatokea kisanduku cha onyo. Kilisema kwamba nywila ikiwekwa upya kwa njia hii, mwenye akaunti atapoteza nywila zote za tovuti alizohifadhi.

Nilikisoma. Nikakisoma tena. Kisha nikamsomea Ejore kwa spika, neno kwa neno.

"Hiyo ni maneno ya kutisha watu," alisema. "Kila kitu kwa kompyuta iko na warning. Bonyeza."

"Inasema paswadi zilizohifadhiwa zitapotea."

"Madam Nakuleu, nani ndiye ofisa wa teknolojia? Ni mimi ama ni wewe?"

"Ni wewe."

"Basi bonyeza."

"Christine, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nikabonyeza. Kiingereza nakijua vizuri, na lile onyo nilikuwa nimelielewa kuliko yeye. Nilibonyeza kwa raha. Nilijua tutakachokuta, na nilikuwa tayari nimeshaona jinsi mkurugenzi atakavyomwita na kumuuliza mbele yetu nani aliagiza. Liliane wakati huo alikuwa ameniponyoka kichwani kabisa. Nikiyakumbuka hayo sasa, ndiyo yanayoniudhi kuliko yote.

Tuliingia kwa nywila mpya. Nikafungua ghala. Lilikuwa tupu. Hakuna jina la mwanafunzi, hakuna anwani ya ofisi, hakuna kitu. Nikainua simu nimpe Ejore habari njema, lakini alikuwa amekata. Nilipopiga tena, hakupatikana. Baadaye tulikuja kujua kwamba baada ya chai warsha nzima ya usalama wa data ilikwenda kuogelea, na simu zikaachwa ndani ya mifuko ya suruali, ufuoni.

Nilimpigia Liliane nikamweleza. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa tufanye namna gani, mama?" Nikasema tunamtafuta Ejore. Yeye hakukaa kungoja. Alikwenda sokoni, kwa Magloire, Mkongo mwenzake anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha mabati, na saa nane kasorobo simu yangu ikalia kwa namba nisiyoijua.

"Bon, Mama Nakuleu, mi ni Magloire. Liliane iko hapa na mi. Sikia vizuri. Mulireset kwa nguvu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Voilà. Sasa, ile ghala haijakufa. Bitu biko ndani, lakini biko bimefungwa na ile paswadi ya zamani. Urudi kwa administrator, uweke ile ya zamani tena, vile ilikuwa, herufi kwa herufi. Inaweza kufunguka. Nilishaona hii mara mbili hapa kwangu."

"Ya zamani?"

"Ile ile. Ni nani anaijua?"

Christine alikuwa ameinamia meza, ananitazama usoni. Mtu asiye na shahada, kwenye kibanda cha mabati, alikuwa ametatua kwa dakika moja kile ambacho ofisa wetu alikiharibu kwa neno moja. Tulikuwa na saa tatu na ushei. Kazi yenyewe ni ya dakika tano.

"Mwenyewe," nikamjibu. "Ni mwenyewe ndiye anaijua."

"Basi mumutafute mwenyewe, mama. Haraka."

Nilipokata, Christine akasema polepole, "Mama, tunaijua."

"Wewe unabahatisha."

"Sibahatishi. Hata wewe."

"Christine, leo Ejore ataitaja. Ataitaja mwenyewe kwa spika. Ana ng'ombe wake, ana mdomo wake."

"Na Liliane?"

"Tuna saa tatu. Atapatikana."

Nikaanza kupiga. Nilipiga saa nane na robo, nane na nusu, nane na dakika arobaini na tano. Nilipiga kila robo saa kama mtu anayemeza dawa, na kila mara mwanamke yule wa kwenye mtambo aliniambia mteja hapatikani. Joto lilikuwa limetulia juu ya mabati, pangaboi linazungusha hewa ileile. Saa tisa mkurugenzi akapitia akauliza kama kuna shida. Nikamwambia tunamngoja Ejore. Akasema sawa, akaenda zake. Hata huyo anaijua nywila ile, maana ofisi yake imetenganishwa na ya Ejore kwa ubao mwembamba tu.

Saa kumi Liliane akapiga tena. Hakuuliza kitu. Alisema, "Mama, niko hapa tu," kisha tukasikilizana kupumua mpaka salio lake likaisha.

Saa kumi na dakika arobaini Christine akavuta kiti chake akakaa mbele ya laptopu. Nikaweka mkono wangu juu ya vitufe. Hakunisukuma, kwa kuwa nimemzidi umri na ndimi niliyemfundisha kazi. Alinitazama tu kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, akainuka, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo.

Saa kumi na dakika hamsini Ejore akapokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba samaki.

"Bwana Ejore, usikate. Ghala limefungika. Tunahitaji paswadi yako ya zamani, herufi kwa herufi. Tumebakiwa na dakika kumi. Iseme sasa hivi."

Tulisikia mtu kando yake akiuliza, "Ni nini, mkubwa?"

"Hapa niko na watu," alisema. "Wacha nitoke kidogo, nitakupigia nikiwa peke yangu."

"Hakuna wakati! Iseme!"

"Nitapiga," akasema, akakata.

Tuliikodolea simu ile macho. Dakika ya tano hakuwa amepiga. Dakika ya nane hakuwa amepiga. Ofisa wa usalama alikuwa akitembea ufuoni mwa ziwa, akitafuta mahali pa faragha pa kutaja siri ambayo mama wa chai anaijua, na mimi nilikuwa nimekaa nikimngoja aitaje, na kati ya wapumbavu wawili sikujua tena nani amemzidi mwenzake. Saa ikafika kumi na moja. Ikapita. Hapo ndipo mkono wangu ukainuka.

Nikaingia kwa administrator. Nikaandika Apalopus, na moja, na mbili, na tatu. Nikatoka, nikaingia kwa jina la Ejore kwa nywila hiyohiyo. Nikafungua ghala. Majina yote yalikuwamo, kumi na manne, pamoja na anwani ya ofisi. Nikabofya la Liliane, kikaniuliza nywila kama kawaida yake, nikaandika tena, na zile herufi ishirini za fujo zikatokea. Ilinichukua dakika nne, na sikukosea hata mara moja. Kwenye tovuti ya chuo jina lake lilikuwepo, na picha yake ndogo, amevaa blauzi nyeupe ya kuazima. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa kimegeuka kijivu. Chini yake paliandikwa kwamba muda umekwisha.

Ejore akapiga saa kumi na moja na robo. Sikupokea.

Jumatatu alirudi na cheti chenye muhuri, akakitundika ukutani. Kwenye ripoti yake kwa mkurugenzi aliandika kwamba kulitokea hitilafu ya mfumo iliyosababisha mwanafunzi mmoja kutothibitishwa kwa wakati, na akapendekeza wafanyakazi wapewe mafunzo zaidi. Mkurugenzi akatia sahihi. Aibu niliyoingojea miaka miwili haikufika. Mtu huyo alikunywa chai yake, akala na mandazi mawili, dereva akamwita Apalopus na kifua kikapanda. Mwaka mzima angeweza kuishi hivyo, na ataishi hivyo, maana watu wa namna yake hawaumii kwa jambo lolote. Na anayeumia nilikuwa nimeshamjua.

Jumanne niliomba gari, nikaenda Kakuma. Niliomba mwenyewe, hakuna aliyenituma. Liliane anakaa Kakuma One, chumba cha udongo na bati, ua umefagiliwa mpaka unang'aa. Nilidhani nitamkuta amelala kifudifudi. Nilimkuta amechemsha chai, amekaanga mikate, ameazima kiti cha plastiki kwa jirani kwa ajili yangu. Aliniambia amekwisha kuongea na zahanati, na wamekubali aendelee na ukalimani. Alisema hivyo haraka, kama anayetaka kulimaliza neno. Mwezi wa kumi, alisema, atakuwa na ishirini na tano, na hiyo nayo si mwisho wa dunia. Kisha akainamia birika.

"Mi najua," alisema alipoinuka, "mulikaa ku ile mashine mpaka jioni. Banaofisi bengine bangeenda zao. Weye ulibaki, mama, ju yangu."

"Liliane..."

"Hapana, wacha niseme. Watu hapa banasema shirika haijali. Mi nawaambia, iko na mama mumoja kule Lodwar, alikaa na mi saa zote zile ku simu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ile paswadi ya zamani, mulikuja kuipata?"

"Tuliipata."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na dakika tano."

"Dakika tano," alirudia. Akahesabu kitu kwa vidole, akaacha. "Na ni nani alikuwa anaijua?"

Mikono yake ilikuwa bado imeshika wangu, ina joto la kikombe. Nilikuwa nimetoka Lodwar na maneno yote yamepangwa, kilomita kwa kilomita, tangu daraja la Turkwel mpaka hapo kwake.

"Ejore," nikasema. "Ni Ejore peke yake."

"Mungu amusamehe," alisema Liliane, akanimiminia chai nyingine. Nikainywa.